Tulimpeleka Nyumbani Jumamosi

"Rudisha hiyo poster kwa ukuta!"

"Sirudishi!"

"Adoyo, watu wanatuangalia—"

"Waangalie! Felix, haya maneno ulitoa wapi? Nani alikuambia—"

"Rudisha kwanza ndio tuongee!"

"Nani alikuambia!"

Huyu anavuta, yule anavuta, na poster yenyewe, kubwa kama shuka ya kitanda, inaanza kulia kraaa hapo katikati.

Kama gazeti la wiki jana lilifungia mtu maandazi kabla hujalisoma, sikiza haraka, maana leo hatupumziki. Adoyo na Felix Kibet wako mwaka wa nne, afya ya jamii, hapa hapa Eldoret. Utafiti wao umechaguliwa usomwe mbele ya kongamano la wanafunzi, na wakishinda leo, mlango wa masters unajifungua wenyewe. Wanachunguza mradi unaoitwa Pona Kwenu. Mgonjwa wa mapafu anatolewa wodi mapema, anaenda kumalizia dawa kwake, halafu mwanafunzi anapiga simu kuuliza anaendeleaje.

Na majibu yalikuwa ya ajabu. Upande wa Moiben, alikopiga simu Adoyo, watu kadhaa walikufa. Mtaa wa Kimumu, alikopiga Felix, hata mmoja hakufa. Supervisor wao, Daktari Murunga, mwenye mradi, aliyabatiza hayo matokeo yeye mwenyewe: Muujiza wa Kimumu.

Halafu asubuhi ya leo, nje ya ukumbi, Felix akakunjua poster aliyochapisha town, Adoyo akasoma ile sentensi ya juu ya herufi nyekundu, na akairukia kama mtu ameona nyoka kwa kitanda cha mtoto.

Hii hapa sentensi:

TULIMPELEKA NYUMBANI JUMAMOSI. WATU WALIJAA. TUNASHUKURU MUNGU. — Mke wa mgonjwa, Kimumu.

"Hiyo ndio inauza poster," Felix akasema, bado ameshika upande wake. "Mzee amepona, familia imejaa kumpokea, wanashukuru Mungu. Sasa shida iko wapi?"

"Huyu mama ni wa wapi?"

"Si nimeandika? Kimumu."

"Kwao, Felix! Kwao ni wapi?"

"Mi najuaje? Ni Mjaluo. Anaitwa Mama Akello."

Adoyo akaachilia poster. Felix akarudi nyuma nayo, nusura aketi sakafuni.

"Wewe kwenu ni wapi?"

"Soy. Unajua ni Soy."

"Na ukitoka hospitali, ukienda nyumbani, unaenda wapi?"

"Si Soy! Kwani unataka niende Mombasa?"

"Mtu wetu akitoka hospitali anaenda Kimumu. Anarudi kwa nyumba. Kwa nyumba, Felix, si nyumbani. Nyumbani ni Ugenya, huko upande wa ziwa. Nyumbani ni Seme. Sisi tukimpeleka mtu nyumbani Jumamosi, na watu wajae, na mama yake Akello ashukuru Mungu..."

Akanyooshea kidole zile herufi nyekundu.

"Hiyo ni mazishi," akamaliza. "Huyo mama alikuwa anakuambia amezika."

Felix akacheka. Kicheko kilitoka kizima kizima, halafu kikakatika kama stima.

"Wacha mchezo."

"Wangapi walikuambia wamempeleka mtu nyumbani?"

"Wengi."

"Ukaandika nini?"

"Code moja. Namba moja: 'Amerudi nyumbani,' yaani amepona. Si ndio code tulikubaliana?"

Ndiyo, ndio walikubaliana. Na Adoyo, wa kupiga hesabu, hakuwahi kusikia hata sauti moja ya Kimumu. Alipokea namba tu. Moja, moja, moja, zimejipanga kama watoto wa shule wakingoja uji, kila mmoja mzima wa afya.

"Mpigie," akasema. "Mpigie huyo mama saa hii. Weka loudspeaker."

Simu ikaita. Ndani ya ukumbi, mwanafunzi mwingine alikuwa anaeleza mambo ya mbolea, na watu wanampigia makofi ya usingizi.

"Hallo? Mama Akello? Ni Felix. Yule... yule wa hospitali."

Halafu:

"Ah. Wewe ni ule kijana ya hongera."

"Hongera gani, mama?"

"Si nilikuambia tumempeleka Oyugi nyumbani, ukaniambia, 'Hongera sana mama, hiyo ni habari njema'? Nilikata simu nikakaa chini. Nikauliza jirani, kwani hawa Wakalenjin hutoa pole namna hii? Akaniambia labda umeokoka sana."

Adoyo akampokonya simu.

"Mama, ni Adoyo. Nasoma na huyo kijana. Pole sana, mama. Pole sana kwa Mzee Oyugi."

"Asante, nyathina." Mtoto wangu. Alisema kama mtu anayetua mzigo.

"Alipotolewa wodi, mama, alikuwa aje?"

"Alikuwa na pumzi ya juu juu. Nikawaambia, huyu hajapona. Wakaniambia atapona vizuri akiwa kwake. Tulimteremsha Kimumu asubuhi. Hiyo jua haikuzama na yeye. Mbona mnauliza saa hii?"

Adoyo alisema asante, alisema pole tena, akakata.

Alipoinua macho, Felix alikuwa amegeuka rangi ya unga.

"Adoyo. Mama."

"Nimeongea naye. Tutaenda kumuona, tutapiga magoti, tuta—"

"Si huyo! Mama yangu! Mama Mary!"

"Mama Mary amefanya nini?"

"Amekuwa wodi ya Daktari. Mapafu. Jana Daktari aliniita, akaniuliza kama Pona Kwenu inaweza kuanza Soy na yeye. Awe wa kwanza. Nikasema ndiyo." Akatikisa poster, ikapiga kelele kama bati. "Nikasema ndiyo kwa sababu ya hii!"

Na kama hadithi ingekuwa na huruma, simu ingengoja kidogo. Haikungoja.

Ni Jebet, dada yake Felix.

"Felo! Mama amepelekwa nyumbani!"

Felix akashika ukuta kwa mikono miwili. Poster ikaanguka.

"Nyumbani... nyumbani gani, Jebet?"

"Nyumbani gani aje? Kwani tuko na nyumbani ngapi? Hapa Soy! Umekunywa?"

"Yuko hai?"

"Felo! Unaongea aje hivyo? Gari ya mradi imemshukisha hapa ikaenda. Lakini hapumui vizuri. Anavuta hewa na mabega. Na midomo, Felo, midomo imekuwa kama ameramba makaa."

"Mrudishe hospitali!"

"Na nani? Jirani, Mzee Kabiru, amekubali kutoa pickup. Lakini nimepiga simu huko, wanasema ashatolewa, kitanda kimepewa mtu, na ile mashine ya hewa haitolewi bila neno ya Daktari Murunga mwenyewe."

"Jebet," Adoyo akaingilia, "usingoje neno la mtu. Mtie kwa pickup mkuje town. Mkuje tu. Mkifika hapa neno litakuwa limepatikana."

Alisema hivyo kwa ujasiri mwingi sana kwa mtu ambaye hakuwa na hilo neno.

"Neno gani hilo linatafutwa?"

Wote wawili wakageuka.

Daktari Murunga alikuwa amesimama kwa mlango wa ukumbi na kikombe cha chai, suti ya kijivu, beji kifuani, tabasamu la mtu anayengoja kupigwa picha.

"Mnafuata nyinyi. Board ya hospitali iko mstari wa mbele. Mzee Johnstone mwenyewe amekuja. Mbona poster iko chini?"

"Daktari, mama yangu—"

"Daktari, hawakupona," Adoyo akasema. "Watu wa Kimumu. Walikufa. Felix hakuelewa."

Tabasamu halikutoka. Lilibaki pale pale, ila mwenyewe alikuwa ameondoka ndani yake.

"Nani amesema?"

"Mke wa mmoja. Sasa hivi. Soma hiyo sentensi, Daktari."

"Nilishaisoma. Felix alinitumia kabla hajachapisha."

"Uliisoma?"

"Ni sentensi nzuri."

Na hapo ndipo Adoyo aliona. Iliingia pole pole, kama maji baridi kwa kiatu.

"Daktari, wewe pia si wa hapa. Kwenu ni Malava, Uluhyani."

"Na hiyo inahusiana na nini?"

"Malava mkimpeleka mtu nyumbani Jumamosi, watu wakajaa, huwa mnamvisha maua ya harusi?"

Kikombe kikatua kwa dirisha.

"Ulielewa," Adoyo akasema. "Felix hangeelewa, yeye kwao ni hapa. Mimi ningeelewa. Wewe unaelewa. Ndio maana ulinipa Moiben. 'Mtafiti asihoji watu wa kwao, ataharibu data.' Nikaandika hiyo kwa notes zangu nikapiga mstari chini! Nikakuona wa maana!"

"Punguza sauti."

"Ulimtafuta mtu ambaye angesema hongera!"

"Adoyo, punguza sauti." Na yeye mwenyewe aliishusha mpaka ikawa ya kanisani. "Umewahi kuingia hiyo wodi usiku wa mvua? Wagonjwa wawili kitanda kimoja, wa tatu chini kwa kadibodi. Mradi huu ukifa, hao nitawalaza wapi? Kwako?"

"Na hawa, Daktari? Hawa wamelala wapi?"

Daktari alimgeukia Felix, kwa upole. Huo upole ndio ulikuwa mbaya.

"Mama yako anarudi na gari?"

"Ndiyo, Daktari. Hapumui. Tafadhali."

"Sawa. Nitapiga simu." Akaitoa, akaionyesha, na kuirudisha kwa kiganja. "Kitanda kitakuwepo, mashine itakuwepo, na mimi mwenyewe nitaenda kumpokea. Mkishashuka jukwaani. Msome vile ilivyo, Mzee Johnstone apige makofi, mradi uende Soy, uende Moiben yote. Mkiniaibisha huko ndani, simu yangu imezima chaji. Na hiyo degree yako, Adoyo, utaisikia kwa wenzako."

Akachukua chai yake, akaingia.

Sasa angalia vile mambo hugeuka. Huyu Felix alikuwa anapigania poster kwa sababu ni nzuri. Sasa aliiokota kutoka chini, akainyoosha kwa goti, akamwekea Adoyo mikononi kama mtu anayetoa mtoto abatizwe.

"Soma."

"Felix."

"Soma vile iko. Tafadhali. Kesho tutasema ukweli. Kesho tutaenda kwa dean, tutaenda kwa redio, popote. Lakini leo soma."

"Kesho wengine watakuwa wametolewa wodi. Board ikikubali leo, gari inaanza kesho."

"Ni mama, Adoyo!"

"Na Mzee Oyugi alikuwa nani? Alikuwa code?"

Felix akaanza kulia, bila sauti, mabega tu. Na mlango ukafunguka, na kijisauti cha kipaza kikaita: "Tumkaribishe Adoyo na mwenzake Felix Kibet, na Muujiza wa Kimumu!"

Makofi.

Adoyo alitembea ule ukumbi akiwa hajaamua. Usidanganywe na mtu kwamba mashujaa huingia wakiwa wameamua. Alipanda ngazi na miguu ya mtu mwingine. Wakaning'iniza poster nyuma yake kwa gundi ya karatasi, mpasuko katikati, na Felix akabaki chini kando ya mlango, simu sikioni.

Mstari wa mbele alikuwa Mzee Johnstone, mwenyekiti wa board, mkulima wa ngano aliyestaafu ualimu, kofia juu ya goti. Kando yake Daktari Murunga, simu kwa kiganja, kidole juu ya kioo. Akamtikisia Adoyo kichwa kidogo. Anza.

Akawaangalia watu. Walimu, wanafunzi, wauguzi. Nusu wa hapa hapa. Nusu wazazi wao walitoka upande wa ziwa, kama wake.

Na hapo akapata wazo. Halikuwa la kishujaa. Lilikuwa wazo la mtu aliyekwama: nitasoma vile ilivyo. Daktari amesema nisome vile ilivyo.

"Hamjambo," akasema. "Kabla ya hesabu, nitawasomea vile mke wa mgonjwa mmoja wa Kimumu alituambia kwa simu, baada ya mume wake kutolewa wodi. Nasoma vile alisema, siongezi kitu." Akageuka kwa poster. "'Tulimpeleka nyumbani Jumamosi. Watu walijaa. Tunashukuru Mungu.'"

Mzee Johnstone alikuwa wa kwanza. Alipiga makofi, makofi ya mkulima, mazito.

"Hongera!" akasema. "Safi sana!"

Upande wa kushoto ukamfuata. Makofi, vigelegele viwili, mtu mmoja akapiga mluzi.

Na upande wa kulia ukasema, kwa pamoja, bila kupangwa na mtu:

"Pole."

"Woi. Pole sana."

"Mungu amlaze pema."

Mama mmoja alivua miwani, akafuta macho. Mhadhiri mmoja mzima aliinamisha kichwa.

Makofi yakasikia zile pole. Pole zikasikia makofi. Ukumbi ukajiangalia.

Mikono ya Mzee Johnstone ilibaki hewani.

"Mbona mnasema pole?" akauliza, akigeuka kwa kiti. "Si mtu amerudi kwake?"

"Amerudi wapi, Mzee," yule mama wa miwani akajibu. "Huyo amezikwa. Hata wewe mbona unapiga makofi?"

"Amezikwa?"

"Waliopiga makofi na waliosema pole," Adoyo akasema, "ulizaneni. Mimi nilipiga hesabu na hawa waliopiga makofi. Kimumu hakuna muujiza."

Daktari Murunga alikuwa amesimama. "Zimeni hiyo maiki! Huyu msichana amechanganyikiwa!"

Maiki haikuzimwa. Lakini Adoyo hakuwa anaangalia maiki. Alikuwa anaangalia ule mkono. Aliuona ukifunika simu, ukaenda pole pole kwa koti, ukaitumbukiza mfukoni, ukatoka mtupu.

Hapo ndipo alijua bei ya alichofanya. Na bei ilikuwa inakuja kwa barabara ya Soy, imelazwa nyuma ya pickup, kichwa kwa mapaja ya Jebet.

"Felix," akasema kwa maiki, mbele ya wote. "Felix, nisamehe."

Felix alikuwa anakuja. Anakimbia kati ya viti, anasukuma magoti ya watu, ameinua simu juu kama taa.

"Ni mama! Anataka kuongea!"

"Kitanda!" Mzee Johnstone akapaza sauti, kofia imeanguka. "Ni mgonjwa? Mwambieni kitanda kitapatikana! Murunga, piga simu! Murunga!"

Murunga alibaki amesimama, mikono mitupu.

Felix alipanda ngazi, akaweka simu karibu na maiki. Kwanza kelele za gari. Upepo. Jebet akisema, "Mama usiongee, usijichoshe." Halafu pumzi. Pumzi ndefu, ya kukwaruza, ikajaza ukumbi wote, na watu waliokuwa wamesimama wakakaa wenyewe.

"Mama, kitanda kinatafutwa," Felix akasema. "Vumilia. Wamesema—"

"Sijapiga... ya kitanda." Pumzi. "Ule msichana wa maswali... yuko?"

Adoyo akasogea. "Niko, Mama."

"Huyu Felix... alikuwa anafanya mazoezi ya hayo maswali... na mimi. Jikoni. Nayajua yote." Pumzi. Watu waliingoja kama wanavuta naye. "Nyinyi huuliza mwenye mgonjwa. Kesho mtapigia Jebet. Na Jebet... ana adabu. Atawaambia maneno mazuri."

"Mama, nyamaza, tafadhali," Jebet akalia kwa mbali.

"Naomba kitu moja, msichana wangu."

"Sema, Mama."

"Niulize mimi. Saa hii, bado niko kwa barabara. Yote, kutoka ile ya kwanza." Pumzi ikakwama, ikatafuta njia, ikapata. "Na usiandike namba. Andika vile nitasema."

Adoyo akatoa kalamu.

"Haya," ile sauti ikasema. "Anza."